Asali ya Kivu na Makala ya Goma

Mji wa Goma, huko mashariki ya Kongo, uliokaa ukingoni mwa Ziwa Kivu chini ya mlima Nyiragongo, umesimama juu ya jiwe lakini unaishi kwa mti. Jiwe hilo ni lava nyeusi ambayo mlima umeimwaga mara nyingi, na katika kumbukumbu ya watu waliopo leo iliteremka mwaka 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002 ilipopenya katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, kisha tena tarehe 22 Mei 2021. Na kwa kuwa jiwe hilo ni gumu kuchimbika, na mlima wenyewe haumpi mtu ahadi yoyote, wakazi wengi wameona heri kujenga nyumba za mbao, ambazo husimamishwa upesi na hasara yake ikitokea huwa ya kuvumilika. Chukudu, lile gari la miti la magurudumu mawili ambalo mji umelitukuza kwa sanamu ya rangi ya dhahabu, ni mti pia. Na chakula cha jioni katika nyumba hizo, maharagwe yanayochemka saa nyingi pamoja na ugali wa muhogo, hupikwa aghalabu juu ya babula kwa makala, yaani mkaa wa kuni, ambayo huingia mjini kwa malori ya njia ya Sake na ya Rutshuru, na kwa chukudu zinazoteremka kutoka Kibumba zikiwa zimelemewa magunia hata mwenye kuziendesha haonekani.

Katika masoko yale yale, pembeni kidogo, huuzwa asali. Yenyewe haina malori wala kelele. Huja katika bidoni na katika chupa zilizokwisha kutumika kwa vitu vingine, rangi yake imekolea na harufu yake ina moshi ndani, na mnunuzi mwenye hadhari huionja kwanza kwa ncha ya kidole, huku akimtazama muuzaji usoni, kwa hofu ya sukari iliyochemshwa. Imetoka Masisi, au Walikale, au Lubero, au miteremko ya Rutshuru. Basi asali na makala zatoka katika vilima vile vile, na pengine katika mti ule ule, ila mti mmoja hauwezi kuzitoa zote mbili. Na mintarafu ya khitilafu hiyo ndiyo yameandikwa maneno haya.

Husemwa mara nyingi, katika semina na katika karatasi za miradi, kwamba ufugaji wa nyuki ni dawa ya ukataji wa misitu: mpe mchoma makala mizinga, naye ataweka shoka chini. Nia ya wasemao hivyo ni njema na sina haja ya kuitia ila. Lakini kadiri mtu anavyoyachungua maisha ya nyuki wa nchi hizi, na kadiri anavyoitazama biashara ya makala ilivyopangwa, ndivyo inavyombainikia kwamba kauli hiyo imetanguliza kinachofuata na kufuatisha kinachotangulia. Msitu ndio unaoilinda mizinga. Mizinga peke yake haina nguvu ya kuulinda msitu.

Nyuki wetu si mfugo kwa maana ya ng'ombe au mbuzi. Mfugaji wa Ulaya hununua kundi pamoja na malkia wake, akalitia mzingani, akalilisha maji ya sukari kabla ya baridi kuingia, na mwaka ukipita bila ajali kundi hulikuta pale pale. Mfugaji wa Kivu hutengeneza mzinga mtupu, wa gogo lililochongwa ndani au wa fito zilizosukwa zikasiribwa samadi ya ng'ombe na kufunikwa majani ya mgomba, akaupaka nta ili unukie, akautundika mtini, akangoja. Nyuki wa Afrika ana tabia mbili ambazo mfugaji hana budi kuzijua. Wakati wa neema kundi hugawanyika, malkia mzee akatoka na sehemu ya watu wake kutafuta makao mapya. Na wakati wa shida, iwe ni njaa, moto, siafu, au mvunaji mwenye mikono mizito, kundi zima huhama, likaacha masega yakining'inia bila mwenyewe. Mfugaji hutegemea tabia ile ya kwanza na huiogopa hii ya pili. Mwaka mwema mizinga yake hujaa yenyewe bila yeye kugharimika kwa lolote, na mwaka mbaya hubaki mitupu, asijue wa kumshitaki.

Sasa makundi hayo yanayogawanyika hutoka wapi? Aghalabu hutoka katika miti mikubwa iliyozeeka, ambayo zamani tawi lake lilivunjwa na upepo, pakaingia maji, pakaoza, na kwa miaka mingi likafanyika tundu lenye nafasi ya kutosha masega. Mti mmoja wa namna hiyo waweza kuijaza mizinga ya kijiji kizima kwa umri wa binadamu mmoja na zaidi. Mpasua mbao, akigundua kwamba una tundu, huenda akauacha, kwa kuwa ubao wake ni mbovu; mchoma makala hana sababu yoyote ya kuuacha, maana tundu halipunguzi ubora wa mkaa. Hivyo miti ambayo biashara ya mbao imeinusuru ndiyo ambayo biashara ya makala huimaliza.

Fauka ya makao kuna chakula. Nyuki huruka mwendo wa kilomita mbili au tatu kutafuta maua, na njaa ikizidi huenda mbali kuliko hapo, lakini safari ndefu humla kile anachokibeba. Katika nchi ya milima ya Virunga, ambayo yaanza kwenye maji ya ziwa penye kimo cha mita zipatazo 1,460 na kupanda hadi kilele cha mlima Mikeno penye mita 4,437, msitu hubadilika daraja baada ya daraja: huku chini miti ya lava changa kama Neoboutonia, juu yake misitu minene yenye Prunus africana, ambao gome lake hununuliwa na viwanda vya madawa vya ng'ambo, kisha mianzi, kisha Hagenia yenye vishada vyekundu. Kila daraja ina mwezi wake wa kuchanua. Maadamu madaraja yote yapo, nyuki hapati kipindi kirefu cha njaa, kwa maana ua moja likinyauka lingine limekwisha kufunguka hatua chache juu au chini yake. Ikiondolewa daraja moja, mwaka huingia pengo. Na pengo la wiki chache latosha kulifanya kundi lihame.

Tena wako nyuki wadogo wasiouma, wenye asali nyepesi na chachu kidogo, ambayo wazee huiweka kwa dawa ya kikohozi na vidonda. Hawa hali yao ni ya kusikitisha zaidi. Malkia wao akishaanza kutaga huvimba tumbo hata asiweze kuruka tena abadan, na kwa hiyo mti wao ukianguka yeye huanguka nao, na kundi halina pa kukimbilia. Bambuti na Batwa, ambao wazee wao walikaa katika misitu hii kabla ya mipaka ya mbuga kuchorwa, wanawajua nyuki hao kwa majina na kwa umbo la mlango wa viota vyao. Upande wa Uganda, katika msitu wa Bwindi, mtaalamu Robert Kajobe alipotaka kuhesabu viota vya nyuki alikwenda na Batwa wamwongoze, na matokeo ya kazi hiyo yakachapishwa mwaka 2006. Ni jambo la fakhari kwa Batwa. Lakini hao waongozaji walikuwa wamekwisha kutolewa katika msitu huo uliogeuzwa mbuga mwaka 1991, na mtu aliyetolewa nyumbani kwake kisha akaitwa aonyeshe vyumba hana haja ya kushukuru sana.

Insafu yataka tuseme pia kwamba mtu wa asali si malaika. Mrina asali wa porini, akikuta kundi limekaa juu mno, pengine huangusha mti mzima kwa ajili ya bidoni moja. Na mwenge anaowafukuzia nyuki, ukidondoka kwenye majani makavu, umekwisha kuteketeza vilima. Huko Tabora, Tanzania, katika miombo ya Wanyamwezi ambayo asali yake yasifika Afrika Mashariki yote, mizinga ya magome ilikuwa na desturi ya kuua mti kila mzinga mmoja ulipotengenezwa, kwa kuwa mti uliochunwa gome pande zote hauishi. Na hata mzinga wa kisasa wa masanduku, ambao miradi huugawa kwa sherehe, ni kazi ya mbao, na mbao hizo zimepasuliwa mahali fulani na mtu fulani, ambaye mara nyingi hakuna aliyemwuliza kibali chake. Pamoja na hayo yote, tafauti ipo na ni kubwa: mrina asali akifundishwa kazi ana sababu ya kutaka mti usimame hata mwaka ujao, ilhali mchoma makala, hata akiwa mtu mwema kuliko wote, riziki yake haianzi mpaka mti umelala chini.

Na hiyo riziki yenyewe ni ya taabu. Kuni hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa, kisha tanuri hulindwa usiku na mchana lisije likapasuka na kuwa majivu. Na baada ya kazi yote hiyo, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za makala, nyingine zimekwenda hewani. Mchomaji huuza gunia kwa bei ya chini kwa mchuuzi, mchuuzi hulipa kwenye kila kizuizi cha njia, mara kwa askari wenye sare, mara kwa wenye bunduki wasio na sare inayojulikana, na gunia likifika Goma limekwisha kulisha mikono mingi. Ndiyo sababu si rahisi kulizuia. Asali haina walinzi wa namna hiyo, kwa kuwa haina wadau wengi kiasi hicho.

Sehemu ya misitu hiyo imo katika Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la Mfalme wao Albert, na huhesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika; ukubwa wake wapata hekta 790,000, na mwaka 1979 ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa miaka mingi kitisho chake kilikuwa ujangili. Kisha ikaja Julai 1994. Kwa muda wa siku chache mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka, wakawekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kandokando ya mbuga, wakapewa mahindi makavu na maharagwe makavu, vyakula ambavyo bila kuni ni mawe. Kila asubuhi safu za watu ziliingia msituni na kila alasiri zikatoka na mizigo, mamia ya tani kwa siku, na mwaka huo huo Virunga ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hakuna mwenye akili awezaye kumlaumu mama aliyekata tawi ili mtoto wake ale. Ila mti ulioangushwa na mtu asiye na hatia haurudi upesi kuliko ule ulioangushwa na mwizi, na nyuki waliokuwa ndani yake hawakuweza kupambanua.

Wakimbizi wengi waliondoka mwaka 1996. Biashara haikuondoka nao. Vikundi vya silaha vilivyosalia misituni, wakiwamo FDLR, viligundua kwamba makala ni hazina ambayo haihitaji migodi wala mashine. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo, pamoja na dume mkuu Senkwekwe, walikutwa wamepigwa risasi, nyama yao haikuchukuliwa wala watoto wao hawakuibwa kuuzwa. Na wengi waliochunguza jambo hilo waliliunganisha na wafanyabiashara wa makala, kwa hoja kwamba gorila wakiisha hakuna atakayegharimia ulinzi wa msitu. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini tangu mbuga ilipoanzishwa. Hapo ndipo mtu apaswa kujiuliza, kabla ya kumkabidhi mwanakijiji mizinga mitano na kumwambia aulinde msitu, ni ulinzi gani hasa anaotarajiwa kuutoa.

Vita vya hivi karibuni vimeirudisha hali ile ya 1994 kwa sura nyingine. Baada ya waasi wa M23 kuteka mji wa Bunagana mwezi Juni 2022, watu wa Rutshuru na Masisi walimiminika kuuzunguka Goma, wakakaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala katika vibanda vya turubai, na kuni zao zilitoka mbugani kama zilivyotoka za wale wa zamani. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe ulitekwa, na kambi zikavunjwa. Mfugaji wa nyuki katika vurugu kama hiyo huumia kwa njia ambayo si dhahiri kwa mtu wa mjini. Asali ya nyuki wakali huvunwa usiku, kwa mwenge na moshi, kwa kuwa mchana hawavumiliki. Na usiku katika vilima vya Masisi si wakati ambao mtu mwenye akili hupenda kuonekana mbali na moto mkononi. Basi asali hukaa bila kuvunwa, au huvunwa mchana kwa haraka na kwa ukatili, nyuki wakachomwa, au huvunwa na mpita njia mwenye bunduki ambaye huvunja mzinga na kuondoka.

Kuhusu mbao sina maneno mengi kama niliyonayo kuhusu makala, kwa kuwa msumeno wa injini hufanya kazi mbali zaidi na Goma, huko Walikale, Lubero na Beni, na mzigo wake mwingi huvuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda na Kenya. Mvule na libuyu ndiyo itafutwayo zaidi. Hii ni miti mirefu inayochomoza juu ya mingine, na mmoja ukianguka hubomoa jirani zake. Mpasuaji huchukua shina na kuacha matawi, na matawi hayo humwita mchoma makala, ambaye hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Na nyuma ya mchoma makala huja mwenye jembe, na baada ya jembe, kama ilivyokuwa Masisi, huja ng'ombe. Vilima vya Masisi ambavyo leo mgeni huvisifu kwa majani mabichi na jibini yake vilikuwa msitu. Kwenye malisho hayo mfugaji wa nyuki anaweza kuweka mizinga, naam, na klova ya malishoni humpatia kitu, lakini sega lake haliwezi kulingana na la mtu aliye na madaraja yote ya mlima juu ya paa lake.

Dawa mojawapo iliyojaribiwa kwa bidii ni kupanda miti ya makala. Shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mradi uitwao EcoMakala, ambamo wakulima wa kandokando ya mbuga walipewa miche ya mkaratusi, grivelia na Acacia mearnsii, wakaipanda katika mashamba yao wenyewe ili mji upate mkaa ambao haukutoka mbugani. Na maelfu ya hekta yamekwisha kupandwa kwa njia hiyo. Nausifu mradi huu kuliko ile ya kugawa mizinga, kwa sababu umeanza na tumbo la mji. Kwa nyuki, hata hivyo, faida yake ni nusu. Mkaratusi na grivelia hutoa maji matamu mengi ikiachwa ifike umri wa kuchanua, na asali yake si mbaya. Lakini shamba la mti wa aina moja huchanua kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja, na mkulima mwenye karo ya watoto huukata mti mapema, pengine kabla haujachanua mara mbili. Wala hakuna tundu katika mti wa miaka saba. Nyuki huweza kula katika shamba la mikaratusi, ila makao huyatafuta kwingine.

Dawa nyingine ni umeme. Mbuga yenyewe, kwa mpango wake wa maendeleo, ilijenga mtambo wa maji wa Mutwanga mwaka 2013, kisha ule wa Matebe karibu na Rutshuru, wenye nguvu ya megawati 13, uliofunguliwa Desemba 2015, na nyaya zake zikafika Goma. Nguvu hizo zatokana na mito inayoshuka kutoka katika milima yenye misitu, jambo ambalo lingefaa kukumbushwa mara nyingi zaidi kuliko linavyokumbushwa. Lakini umeme ulioingia nyumbani kwanza huwasha taa, kisha huchaji simu, kisha husaga unga. Jikoni huingia mwisho kabisa, kwa sababu jiko la umeme hununuliwa kwa fedha ya mkupuo, na makala hununuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana leo. Mpaka hesabu hiyo ibadilike, kwa bei au kwa mkopo wa jiko, gunia litaendelea kuteremka kutoka Kibumba.

Yapo mataifa ambako mabishano haya yamefika mbele ya mahakama na serikali. Kenya, katika msitu wa Mau, Waogiek ni watu ambao asali ilikuwa chakula chao, mahari yao na sadaka yao. Kwa desturi zao kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, uliotoka chini ukapanda hadi juu mlimani, ili wenye ukoo wapate kuyafuata maua kadiri yanavyopanda na kushuka kwa majira. Yaani walikwisha kulielewa lile jambo la madaraja kabla ya mtaalamu yeyote kuliandika. Serikali ilipowafukuza kwa hoja ya kuuhifadhi msitu, ambao papo hapo ulikuwa ukikatwa na kugawiwa wengine, walishitaki, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikawapa haki tarehe 26 Mei 2017, kisha tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Hukumu haijawa mlango wa nyumba: Novemba 2023 baadhi yao walibomolewa tena makazi. Lakini imebaki kwenye maandishi kwamba mtu wa mizinga ana haki juu ya mti uliosimama.

Huko Bwindi walifanya mapatano badala ya mashitaka: wafugaji wa vijiji vya kandokando waliruhusiwa kuweka mizinga katika sehemu maalumu za ukingoni mwa mbuga, kwa masharti ya kutokata wala kuwasha moto ovyo. Na mbali zaidi, Australia, nchi isiyo maskini, wafugaji wa nyuki wa kisiwa cha Tasmania wamegombana kwa miaka mingi na wakata magogo kwa ajili ya mti mmoja wa asili, Eucryphia lucida, ambao hauanzi kutoa maji matamu ya maana mpaka upite umri wa miaka sabini au zaidi, wala hakuna mpanda miti awezaye kuingoja faida hiyo. Majimbo mawili ya nchi hiyo, Victoria na Australia Magharibi, yaliacha kukata magogo ya misitu ya asili tangu mwanzo wa 2024. Sisemi kwamba nyuki ndio waliofanya hayo. Nasema tu kwamba huko mfugaji wa nyuki aliitwa mezani, na hesabu yake ikasomwa.

Katika Kongo sheria haimwoni mfugaji huyo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 yasema ardhi yote ni mali ya Dola, na sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 yasema vivyo hivyo juu ya misitu. Mpasua mbao hupewa kibali na mkuu wa jimbo, chenye mipaka na muhuri, ambapo mwenye mizinga ishirini katika msitu huo huo hana karatasi yoyote, na mti aliourithi kwa babu yake ukiangushwa hana hasara inayotambulikana. Mlango mmoja tu umefunguliwa: amri ya 2 Agosti 2014 inayoruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wao, usiozidi hekta 50,000, bila malipo na kwa muda usio na kikomo, na kuupangia matumizi wao wenyewe. Jamii kadhaa za Walikale zimekwisha kuutumia mlango huo. Mpango wa matumizi ni karatasi inayochosha, yenye ramani na hesabu za miti, na ni rahisi sana kuachiwa wataalamu wa mbao waiandike peke yao.

Hapo ndipo ningemtaka mfugaji wa nyuki akae asitoke. Mti wenye tundu, usio na thamani kwa mpasua mbao, waweza kuandikwa humo kwa jina la mahali pake kwamba haukatwi wala hauchomwi, pamoja na miti michache ya kila daraja ichanuayo katika miezi ya njaa, na jambo hilo halimpunguzii mpasuaji hata ubao mmoja alioukusudia. Upinzani utatoka kwa mchoma makala, kwa kuwa mti huo mbovu ndio ulikuwa fungu lake. Naye ana watoto, na mteja wake yuko Goma, na kibiriti cha babula huwashwa jioni hii hii. Yeye hawezi kujibiwa na mkutano wa Walikale. Jibu lake liko kwenye nyaya za Matebe na katika bei ya jiko.